Kazi ya Kueneza Injili Ufipani, na Kipimo Chake

Mtu akitaka kujua kama kanisa la mahali fulani lafanya vema kazi ya kuhubiri, mara nyingi huuliza hesabu: Wamebatizwa wangapi? Makanisa mangapi yamejengwa? Nami niliulizwa hivyo na mgeni mmoja aliyefika hapa Kasanga kwa ajili ya kuona maporomoko ya Kalambo. Nilimjibu upesi ya kuwa hesabu ni kubwa, kwa maana Ufipa ni mojawapo ya nchi za Tanzania zenye Wakatoliki wengi kupita nyingine. Alipokwenda zake nikaona jibu langu halikutosha. Basi nimezitafuta habari za zamani za ziwa letu, nipate kupima kwazo.

Waliotangulia ziwani walikuwa Waingereza wa London Missionary Society, waliofika Ujiji mwaka 1878. Thomson, mmoja wa wakubwa wao, alifariki mwaka ule ule, na Dodgshun akamfuata mwaka 1879. Waliobaki walishuka kusini, na huko Niamkolo, karibu na Mpulungu, wakajenga kanisa la mawe lenye mnara kati ya mwaka 1893 na 1896. Mwaka 1908 likaungua, na ugonjwa wa malale ukawahamisha watu wa pwani ile, na misioni ikaachwa. Kuta zake zasimama hata leo. Mtu akipima kazi kwa majengo, Niamkolo atakuta jengo bila watu waliojengewa.

Mapadre Weupe, ambao Kardinali Lavigerie aliwaanzisha Algiers mwaka 1868, waliipokea ngome ya Karema mwaka 1885 kutoka kwa Wabelgiji walioijenga. Zama zile biashara ya watumwa ilikuwa ingali ikiharibu pwani zote za ziwa. Mapadre waliwakomboa watoto, wakawapokea na watu waliokimbia vita, wakawafanyia kijiji karibu na misioni. Tendo hili lilikuwa jema, wala hakuna awezaye kulilaumu. Lakini tukisema habari za kueneza Injili tu, lilikuwa na upungufu. Waliofundishwa walikuwa hasa watu wasio na kwao, wasioweza kukataa. Wafipa wa juu katika uwanda, wenye wafalme wao wa Nkansi na Lyangalile, wenye mashamba yao ya matuta na tanuru zao za kuyeyushia chuma, waliweza kuishi bila kuwahitaji wageni wa Karema kwa lolote. Watu kama hao hawaingii ngomeni kwa mtu. Yapasa kuwaendea.

Nani aliwaendea? Hapo ndipo napenda kukaa kidogo.

Mwaka 1889 alifika Karema kijana jina lake Adrien Atiman. Hakuwa Mzungu, wala hakuwa mtu wa nchi hii. Alizaliwa mbali sana, katika nchi za mto Niger karibu na Timbuktu, akaibiwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa. Mapadre wakamkomboa, wakamsomesha utabibu katika kisiwa cha Malta, kwa kuwa Lavigerie alitaka Waafrika waponywe na kufundishwa na Waafrika. Atiman alikuwa tabibu na katekista pamoja. Akaoa huko huko Karema, akakaa. Aliyafanya kazi yale miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956. Watawala wa Kidachi walikuja wakaenda zao, Waingereza wakaishika nchi, maaskofu wakapokezana, naye angali akiuguza watu. Mama aliyemletea mtoto mwenye homa alikuwa akimletea mtu aliyeyajua machungu ya mtoto kuondolewa kwa mama yake. Sidhani kama kulikuwa na hotuba iliyoshinda hiyo.

Na baada yake, au tuseme kando yake, walikuwako makatekista ambao majina yao hatuyasikii sana. Lavigerie aliweka amri mtu asibatizwe upesi: miaka minne ya kujaribiwa na kufundishwa, isipokuwa yuko katika hatari ya kufa. Mapadre walikuwa wachache, tena amri nyingine iliwaagiza kukaa watatu watatu katika kila misioni. Sasa fikirini, ndugu wasomaji: vijiji vingi, miaka minne, mapadre watatu. Ni nani aliyeketi na wanafunzi jioni baada ya kulima? Alikuwa katekista, mwenye jembe lake kama wao, mwenye kusema Kifipa au Kilungu kama wao, ambaye akitenda vibaya kijiji kizima chajua kabla ya jua kuchwa. Siku za Askofu Lechaptois, aliyeongoza tangu mwaka 1891 hata 1917, mtandao huu wa walimu ndio uliopanda kutoka ziwani mpaka uwandani. Vita vya kwanza vikaja, na Bismarckburg, ndilo jina Wadachi walilolipa boma lao la hapa Kasanga, ikatwaliwa na Waingereza mwaka 1916. Boma likabadili bendera. Mwalimu wa kijijini hakubadilika.

Hayo ni ya kusifu. Sasa niseme na yasiyopendeza, maana kipimo kisichoonyesha upungufu hakina faida.

Mwaka 1918 na 1919, kwa jirani zetu wa Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, alitokea Hanoc Sindano, aliyekuwa ametoka Rhodesia ya Kusini. Akahubiri mafundisho ya Watchtower, ya kuwa mwisho wa dunia u karibu, na watu wengi wakamfuata kwa muda mfupi, hata serikali ikawafunga wahubiri wengi wa kundi lile. Wamisionari walikuwa wamefanya kazi katika nchi ile zaidi ya miaka thelathini. Kisha, mwaka 1933 na 1934, wakapita watu wa Mchape kutoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Huko Ubemba walivaa Kizungu, wakawapanga watu mstari, wakawatazama katika kioo kidogo kuwajua wachawi, wakawanywesha dawa. Pembe na hirizi zikatupwa lundo. Na hapa Ufipa penyewe, mwaka 1963 na 1964, vijana wa Kamchape walizunguka vijijini wakiahidi kumaliza uchawi, na vijiji vikawapokea. Mwaka ule Wafipa waliobatizwa walikuwa tayari ndio wengi. Askofu wa Karema alikuwa Charles Msakila, Mwafrika, tangu mwaka 1958. Mtu hawezi kusema ya kuwa Injili ilikuwa haijafika, wala ya kuwa ililetwa na wageni tu.

Wengine huwalaumu watu kwa hayo, wakiwaita vigeugeu. Mimi siwezi. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiwafundisha wakatekumeni. Mama mmoja akaniuliza, mbele ya wenzake: mtoto wake wa tatu anaugua kama walivyougua wawili waliokufa, na shemeji yake asema kuna mtu, Kanisa lasemaje? Nilikuwa na kitabu mkononi, na somo la siku ile lilikuwa jingine. Nikamwambia asali, nikaendelea na somo. Juma lililofuata hakuja. Nikasikia amekwenda kwa mganga ng'ambo ya mto. Yule mganga, nadhani, alimsikiliza mpaka mwisho. Atiman angalimtazama mtoto kwanza.

Kwa hiyo mgeni yule akirudi, nitamweleza ya kuwa kanisa letu lilifanya vema sana katika kukaa na watu, na lilipunguka katika kujibu hofu yao; na ya kuwa vitabu vya ubatizo haviandiki jambo la pili hata kidogo.

Tena kuna jambo la hapa hapa Kasanga ambalo tumelizungumza barazani bila kulimaliza. Wako wenye kutaka fedha tulizokusanya zinunue bati mpya. Wako wenye kutaka zimjengee katekista nyumba karibu na kambi ya wavuvi, wengi wao wageni waliotoka nchi mbalimbali za ziwa hili. Mpinzani mmoja alisema hao hawafundishiki, kwani usiku kucha wako majini na taa zao wakivua dagaa, na Jumapili asubuhi wamelala. Ni kweli. Lakini mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, na wavuvi hawatoki. Hukaa ufukoni siku kadhaa wakishona nyavu na kusimuliana habari, mpaka giza lirudi. Nimekwisha tazama kalenda. Mwezi ujao siku hizo zitaangukia katikati ya juma, baada ya saa za shule, nami nimemwomba katekista wetu tushuke pamoja.