Barua Moja Yaishia Wapi? Historia Fupi ya Uhifadhi wa Barua katika Kompyuta

0. Utangulizi

Mwanaisimu anayefungua maandishi ya watu wengine hukutana mapema na swali ambalo msomaji wa kawaida hajiulizi: kipashio hiki chaanzia wapi, nacho chaishia wapi? Sisi wa Lubumbashi twalijua swali hilo kwa mfano wa karibu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha watu wa mjini, akaiita «Vocabulaire». Johannes Fabian alipoichapisha pamoja na uchambuzi wake mwaka 1990, ugumu mmoja ulikuwa huu: mipaka ya maneno katika kurasa zile haikufuata kanuni moja. Ikabidi Kalundi Mango ayasome maandishi hayo kwa sauti, ili yale ambayo jicho lilishindwa kuyatenganisha yatenganishwe na sikio.

Mwaka huohuo wa 1965, katika chuo cha Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, watengenezaji wa programu walianza kuwawezesha watumiaji wa kompyuta moja kuachiana barua ndani yake. Nao, bila kujua habari za Yav, waliingia katika tatizo la ukoo uleule. Kompyuta haioni karatasi wala bahasha. Huona mfululizo wa alama tu. Basi itajuaje kwamba barua moja imekwisha na nyingine imeanza?

Makala hii yakusudia kueleza kwa ufupi jinsi swali hilo lilivyojibiwa tangu mwaka 1965. Dai letu ni hili: kila namna ya kuhifadhi barua ni namna ya kuweka mpaka, na pale mpaka unapowekwa ndani ya maneno ya mwandishi bila njia ya kuuondoa tena, maneno yenyewe hugeuzwa. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao. Lamhusu kila anayetaka kuitumia barua kama ushahidi wa lugha.

1. Faili moja, barua nyingi

Mfumo wa Massachusetts uliitwa CTSS. Uliwaruhusu watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa zamu fupifupi, kila mmoja akiwa na mafaili yake. Wazo la amri ya kupeleka barua liliandikwa na Louis Pouzin, Glenda Schroeder na Pat Crisman. Tom Van Vleck na Noel Morris wakaitengeneza programu yenyewe mwaka 1965. Barua ilipotumwa, maneno yake yaliongezwa katika faili la mpokeaji lililoitwa «MAIL BOX», yaani sanduku la barua. Lilikuwa faili kama mafaili mengine, ila kwa jina lake na kwa haki za kulisoma.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya BBN, alilivusha wazo hilo kutoka mashine moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, akaichagua alama @ itenge jina la mtu na jina la mashine yake. Lakini uhifadhi haukubadilika. Sanduku lilibaki faili moja ambalo wengine waliruhusiwa kuongeza maneno mwishoni mwake tu, pasipo kuyasoma wala kuyafuta yaliyotangulia. Ni kama tundu la sanduku la posta: mkono wapitisha bahasha, lakini hauwezi kuitoa.

Upungufu wa faili hilo ulionekana upesi. Aliyetaka kusoma barua ya kumi alizipitia kwanza tisa zilizotangulia. Mwaka 1972 Lawrence Roberts alitengeneza programu iliyoonyesha orodha ya barua na kumwachia msomaji achague ya kusoma, ya kuweka na ya kufuta. Hapo mpaka ukawa jambo la lazima, kwa sababu huwezi kuorodhesha vitu usivyoweza kuvitenganisha.

2. Namna tatu za kuweka mpaka

Namna ya kwanza ni kuhesabu. Katika mfumo wa TENEX, kila barua ndani ya faili ilitanguliwa na mstari wenye tarehe na saa ya kufika, idadi ya herufi zake, na alama za kuonyesha hali yake, kama vile imekwisha kusomwa au bado. Programu ilisoma idadi, ikahesabu herufi hizo, na palipoishia hesabu ndipo palipoanza barua nyingine. Uzuri wake ni kwamba maneno ya mwandishi hayaguswi hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba hesabu haisamehe. Mtu akifuta herufi moja kwa mkono, au faili likihamishwa kwenye mashine inayoandika mwisho wa mstari kwa alama moja badala ya mbili, hesabu hupotoka, na barua zote zinazofuata hukatwa mahali pasipo pake.

Namna ya pili ni kuweka alama. Mfumo wa Unix ulifuata njia hii katika faili linaloitwa mbox. Kila barua huanza kwa mstari wenye neno la Kiingereza «From», maana yake «kutoka kwa», kisha nafasi, jina la mwenye kuleta na tarehe. Programu ikikutana na mstari wa namna hiyo yajua kwamba barua mpya imeanza. Lakini je, mwandishi mwenyewe akianza mstari kwa neno hilohilo? Programu ingeikata barua yake vipande viwili. Ili kuzuia ajali hiyo, programu nyingi zilitia alama > mbele ya neno hilo zilipokuwa zikihifadhi barua. Barua ilipona, ila maneno yake yalibadilishwa. Programu nyingi hazikuiondoa alama hiyo baadaye. Na hata zikitaka kuiondoa, zingejuaje kama haikutiwa na mwandishi mwenyewe? Kwa hiyo aliyeandika Kiingereza aliweza kuharibiwa sentensi yake na neno la kawaida kabisa la lugha yake, ilhali mstari wa Kiswahili ulipita salama, kwa sababu Kiswahili hakianzi sentensi kwa neno hilo.

Namna ya tatu ni kumpa kila msafiri chumba chake. Mfumo wa MH, uliotengenezwa katika taasisi ya Rand mwishoni mwa miaka ya 1970, uliiweka kila barua katika faili lake lenye namba, na kila jalada likawa saraka. Katika miaka ya 1990 Daniel J. Bernstein, mtengenezaji wa programu ya seva iitwayo qmail, alilikamilisha wazo hilo kwa muundo wa Maildir. Faili moja la pamoja lilikuwa na hatari yake: programu mbili zikiandika humo kwa wakati mmoja, barua huchanganyika, na kufuli zilizotumiwa kuzuia jambo hilo hazikuaminika sikuzote. Katika Maildir kila barua huandikwa kwanza katika saraka ya muda. Ikikamilika, huhamishiwa saraka ya barua mpya. Na programu ya msomaji ikishaiona, huhamishiwa ya tatu. Jina la faili hutungwa kwa saa ya kufika, namba ya kazi iliyoiandika na jina la mashine, ili majina mawili yasilingane. Hali ya barua, kama kusomwa au kujibiwa, huandikwa kwa herufi mwishoni mwa jina hilo. Hivyo mwenye kuhifadhi huandika juu ya bahasha, wala hagusi karatasi iliyomo ndani.

3. Kichwa, kiwiliwili na nukta

Tusidhani kwamba mpaka ulihitajika kati ya barua na barua tu. Mwezi wa Septemba 1973 Abhay Bhushan, Ken Pogran, Ray Tomlinson na Jim White walipendekeza namna moja ya kuandika kichwa cha barua: mwandishi, tarehe na jambo linalohusika. Kanuni zilizotolewa mwaka 1977 na kurekebishwa mwaka 1982 zilidumisha mpaka rahisi kati ya kichwa na kiwiliwili, nao ni mstari mtupu. Kutokuwapo kwa herufi kumekuwa alama, kama vile kimya kinavyotenganisha sentensi mbili za msemaji.

Mwaka huo wa 1982 Jonathan Postel aliandika kanuni za SMTP, zinazotumiwa na seva mbili zinapopelekeana barua. Hapo mwisho wa barua ni mstari wenye nukta moja peke yake. Na mwandishi akianza mstari kwa nukta? Seva inayotuma huongeza nukta ya pili, na seva inayopokea huiondoa. Tulinganishe jambo hili na alama > ya mbox. Njia zote mbili huyagusa maneno ya mwandishi. Lakini moja huyarudisha kama yalivyokuwa, na nyingine huacha doa. Tofauti iko katika mapatano: je, anayeweka na anayeondoa wameelewana?

4. Herufi zenyewe

Mapatano hayohayo yalihitajika katika kiwango cha herufi. Kanuni za mwanzo zilifuata msimbo wa ASCII, wenye nafasi 128 tu. Kiswahili sanifu kiliingia humo bila shida: hakina herufi yenye lafudhi juu yake, na hata king'ong'o cha «ng'ombe» huandikwa kwa ritifaa iliyomo katika msimbo huo. Kifaransa hakikubahatika hivyo. Katika msimbo mpana zaidi uitwao Latin-1, herufi é ina namba 233. Mashine iliyozoea namba zisizofika 128 iliikata tarakimu ya juu, ikabaki 105, ambayo ni namba ya i. Ndivyo «université» lilivyoweza kufika likiwa «universiti», kana kwamba ni neno la mkopo lililokwisha kuzoea silabi zetu!

Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME. Barua ikaweza kutaja msimbo wake, kuandika é kama «=E9» ili ipite salama, na kubeba sehemu nyingi zinazotenganishwa kwa mfululizo wa alama uliochaguliwa makusudi usionekane popote ndani ya sehemu hizo. Herufi ɛ na ɔ za Kilingala, pamoja na Kiswahili cha hati ya Kiarabu, zilisubiri msimbo wa Unicode, uliotolewa kwanza mwaka 1991.

5. Kutoka faili hadi hifadhidata

Seva za ofisi kubwa zilichukua njia nyingine. Microsoft Exchange, iliyotolewa mwaka 1996, haihifadhi barua kama maandishi yanayofuatana. Huiweka katika hifadhidata: mwandishi, tarehe, jambo na maneno ni nyuga katika majedwali, na badiliko huandikwa kwanza katika daftari la matukio ili umeme ukikatika kazi isipotee. Barua iliyopelekwa kwa watu mia wa hifadhidata moja iliwekwa nakala moja tu, nao wote wakaelekezwa kwake; utaratibu huo uliachwa katika toleo la 2010, diski zilipokuwa zimeshuka bei. Faida ni wepesi wa kutafuta. Gharama ni kwamba rekodi hizo hazisomeki pasipo programu yake, ilhali faili la mbox la miaka ya 1980 laweza kusomwa leo kwa jicho tupu.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba hesabu huyaacha maneno jinsi yalivyo lakini ni dhaifu. Alama ni rahisi lakini huweza kuyatia doa. Chumba cha peke yake ni salama. Na hifadhidata ni nyepesi kutafutia lakini imefungwa. Kwa mtafiti wa Kiswahili funzo ni la vitendo. Leo ujumbe mwingi wa Kiswahili huandikwa katika simu na kompyuta, na wengi wetu tunapoukusanya hunakili maneno tu, tukaacha kichwa, saa na msimbo. Hata programu inayoibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda yatosha kumfanya atafutaye «ng'ombe» asipate kitu.

Kama mtu angalizinyosha nafasi za André Yav kabla ya kuzihifadhi, tungalisoma kwa urahisi zaidi, lakini tungalipoteza ushahidi wa jinsi mwandishi yule alivyoisikia lugha yake. Basi tuhifadhi kwanza rekodi kamili kama ilivyofika, na masahihisho yetu tuyaandike juu ya bahasha.