Tarikhi ya Gari la Aila

Tangu motokaa zilipoacha kuwa mali ya matajiri peke yao, mwenye nyumba aliyetaka kusafiri pamoja na ahali yake yote alikabiliwa na hesabu isiyokubali hila: gari la kawaida lilitengenezwa kwa watu wanne, au watano wakibanana, ilhali nyumba yenye baba, mama, watoto wanne, bibi mzaa baba na msaidizi wa kazi huwa na nafsi nane kabla ya kikapu cha kwanza kutolewa mlangoni. Waundaji wa magari waliijua hesabu hiyo mapema. Lakini ukiifuatilia tarikhi ya magari yenye wasaa tangu mwanzo wake, utaona kwamba aghalabu umbo lake lilichongwa na ushuru, na sheria za serikali, na fahari ya mnunuzi, na mara chache sana likachongwa na haja ya yule anayekaa safu ya mwisho. Mara hizo chache ndizo zilizozaa magari yaliyostahili kuitwa ya aila, nami nimekusudia kuzieleza, kwa sababu anayechagua gari la watu wake leo anachagua baina ya vizazi vya hoja hiyo moja.

Jibu la kwanza lilitoka Marekani. Zama za reli, palikuwapo kwenye stesheni magari yenye bodi za mbao yaliyopokea wasafiri na masanduku yao na kuwafikisha mahotelini, na kutokana na hayo likazaliwa gari refu la nyumbani, stesheni wagoni, ambalo paa lake lilinyooka mpaka nyuma. Mwaka 1935 kampuni ya Chevrolet ikatoa Suburban, gari la chuma juu ya chesisi ya lori dogo, lenye kupakia watu wanane. Na kampuni ya Ford, kuanzia 1950 hadi 1991, ikauza Country Squire, ambalo mbao zake za ubavuni zilikuwa za kweli mwanzoni, kisha zikawa sura ya mbao iliyobandikwa juu ya bati. Chini ya sakafu ya magari hayo ilipita propela yenye kupeleka nguvu ya injini kutoka mbele mpaka magurudumu ya nyuma, na huko nyuma, juu ya ekseli, ndiko watoto walikokalishwa, pengine wakiitazama barabara waliyokwisha kuiacha. Wasaa ulipatikana kwa kulirefusha gari, wala hakuna aliyelifikiri upya.

Aliyelifikiri upya alikuwa mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, ambaye aliviona katika kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg vigari vya kuchukulia vifaa, vilivyoundwa na mafundi wenyewe kwa chesisi ya gari dogo, na tarehe 23 Aprili 1947 akachora katika daftari lake umbo la sanduku lenye dereva mbele kabisa na injini nyuma kabisa. Mwezi Machi 1950 gari hilo likaanza kuundwa. Kwa kuwa injini na giaboksi vilikaa pamoja nyuma, sakafu ya katikati ilibaki tambarare, viti vikaweza kutolewa na kurudishwa, na mtu akaingia kwa mlango wa ubavuni bila ya kuruka kiti cha mwenziwe. Kasoro zake zilikuwa dhahiri vilevile: injini ya kwanza ilikuwa na nguvu farasi 25 tu, nguvu haba kwa watu wanane na mlima, na magoti ya dereva yalitangulia gari zima katika ajali yoyote ya uso kwa uso. Mwaka 1956 Waitalia wa Fiat wakaifuata njia hiyohiyo kwa gari la 600 Multipla, ambalo urefu wake haukupita sana mita tatu na nusu na bado likakalisha watu sita. Likapendwa mno na wenye teksi, maana wao huijua thamani ya kila kiti.

Uingereza, mambo yalikwenda kwa amri ya mtoza kodi. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, na mwaka uleule likatengenezwa toleo la watu saba, lenye bodi nzuri ya kiunzi cha mbao. Lakini serikali ikalihesabu kuwa motokaa ya binafsi na kulitwisha kodi ya ununuzi, bei ikapanda, wanunuzi wakajitenga, na ilipofika 1951 biashara yake ilikuwa imekoma. Miaka kumi baadaye kampuni ikajifunza kuicheza ngoma ya sheria: kuanzia 1962 Land Rover ndefu ikawekwa viti kumi na viwili, kwa kuwa gari la watu kumi na wawili lilihesabiwa kuwa basi, na basi halikutozwa kodi ile. Abiria wa nyuma walikaa juu ya mabenchi ya ubavuni, wakitazamana, magoti kwa magoti, mizigo ikiwa miguuni mwao. Wengi katika Afrika ya Mashariki waliosafirishwa hivyo na idara za serikali, misheni na shule walidhani kuwa umbo lile lilitakwa na ugumu wa barabara zetu. Kumbe sehemu yake kubwa ilitakwa na daftari la kodi la London.

Gari lililoingia katika maisha ya watu wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa mapenzi ya hiari lilikuwa la Kifaransa. Peugeot 404 ilizinduliwa mwaka 1960, na pamoja na gari la kawaida kampuni ilitoa toleo refu la aila lenye safu tatu za viti zote zikitazama mbele, jambo ambalo kwa staha ya abiria lilikuwa kubwa kuliko linavyodhaniwa. Sifa yake ilienezwa na mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, ambayo 404 iliyashinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Na watu wa Dar es Salaam walikuwa na sababu ya kujisifu, kwa kuwa mshindi wa 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa mji wao. Mnunuzi aliyeliona gari likipita katika tope la masika na vumbi la kiangazi, kisha likafika, hakuhitaji kuelezwa mengi na muuzaji.

Ilipokuja 504, ambayo ilizinduliwa mwaka 1968 na baadaye kutolewa kwa umbo refu, waundaji walifanya jambo ambalo ningependa kila muundaji wa gari la aila alifanye: baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma waliongeza nafasi ikafika mita 2.90, badala ya kuning'iniza viti nyuma ya ekseli, na ekseli yenyewe wakaifanya nzima, ngumu, iliyobebwa na springi nne. Safu ya tatu ikapata mahali pa miguu. Gari likaweza kupakiwa watu saba na mizigo darini, likapita njia ya changarawe yenye matuta mwendo wa saa nyingi, na walioketi nyuma wakateremka wakiwa bado watu. Kenya ikalifanya gari la kukodi baina ya miji. Nairobi mpaka Nakuru, au Kisumu, mtu aliuliza Peugeot na si teksi, na nauli ililipwa kwa kichwa. Ila moja ilibaki, na haikuondoka mpaka mwisho: milango ya abiria ilikuwa minne, basi aliyetaka safu ya nyuma ilimbidi kiti cha katikati kikunjwe, ainame, apenye, na kwa kuwa wazee hawapenyi, safu ile ikawa ya vijana na watoto, hata pale ambapo mzee ndiye aliyelipiwa safari.

Mlango ndio uliokuja kuwa hoja ya mageuzi yaliyofuata. Huko Marekani, katika kampuni ya Ford, Hal Sperlich alitetea kwa miaka mingi wazo la gari dogo la sanduku, refu la kimo lakini fupi kiasi cha kuingia katika banda la nyumbani, lenye magurudumu ya mbele kuvuta ili propela iondoke na sakafu ishuke. Wakubwa wake walilikataa, naye akaondoka. Mwaka 1978 Lee Iacocca, aliyekuwa rais wa kampuni hiyohiyo, akafukuzwa na Henry Ford wa pili, na wawili hao wakakutana tena Chrysler, nyumba iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika hata ikanusurika kwa dhamana ya serikali ya mikopo ya dola bilioni 1.5. Katika dhiki hiyo wakaliunda gari walilonyimwa. Mwezi Novemba 1983, katika kiwanda cha Windsor, Ontario, nchini Kanada, zikaanza kutoka Dodge Caravan na Plymouth Voyager, zilizojengwa kwa asili ya gari dogo la kawaida, zenye mlango wa kusukuma ubavuni na sakafu ya chini kiasi cha mtu kuingia kwa hatua moja, akiwa na mtoto mkononi.

Sidhani kwamba liko gari jingine la karne iliyopita lililoanzwa kufikiriwa kutoka kiti cha nyuma kwa uaminifu kama lile. Mlango wa kusukuma haumgongi aliyesimama pembeni, wala haumpigi jirani katika maegesho finyu. Dari ya juu humwezesha mama kugeuka na kumfikia mtoto. Sakafu tambarare humruhusu mtu kupita katikati. Hata hivyo waundaji walisahau jambo: mlango huo ulikuwa mmoja, upande wa kulia tu, na ni katika toleo la 1996 tu ndipo ukatolewa wa pili upande wa dereva. Ufaransa nayo ilikuwa na kisa chake, kwa kuwa mwaka 1984 Renault ilitoa Espace, iliyobuniwa na Matra, ambayo viti vyake vya mbele viliweza kugeuzwa vikatazamana na vya nyuma. Katika mwezi wake wa kwanza sokoni yaliuzwa magari tisa tu, kisha watu wakaelewa.

Kilichofuata kinanihuzunisha, nami sioni haja ya kuficha. Sheria ya mwaka 1975 iliyowekwa Marekani kupunguza ulaji wa petroli iliyabana magari ya kawaida kuliko malori madogo, na gari la aila la sanduku, pamoja na magari marefu ya nyikani, yakahesabiwa katika fungu la malori. Stesheni wagoni ikafa kwa sheria hiyo. Na kampuni zikaona kwamba faida iko katika gari la juu, zito, lenye sura ya ushujaa. Ford Explorer ilitoka mwaka 1990, na watu walioambiwa kwamba gari la sanduku ni la mama wa nyumbani wakalikimbilia lile, ijapokuwa sakafu yake ilikuwa juu, mlango wake mwembamba na safu ya mwisho, ilipokuwapo, ya kuonewa huruma. Mwaka 2000, ambao ndio uliouza magari ya sanduku kuliko mwaka wowote Marekani, zaidi ya milioni 1.3, ndio pia kampuni ya Firestone ilipoagiza yarudishwe matairi yake milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika Explorer, baada ya kupasuka mwendoni na magari kupinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Tairi ilikuwa mbovu, ni kweli, lakini gari la kimo kirefu hupinduka kwa wepesi kuliko la chini, na aila nyingi zilikuwa zimelinunua zikidhani kuwa urefu ni usalama.

Kwetu sisi njia ilikuwa nyingine. Katika miaka ya tisini, milango ya biashara ilipofunguliwa, bandari za Dar es Salaam na Mombasa zilianza kupokea magari yaliyokwisha kutumika Japani, nchi ambayo huendesha kushoto kama sisi, na ambayo ukaguzi wake wa lazima, wa kila miaka miwili baada ya mitatu ya mwanzo, humfanya mwenye gari aliache lingali zima. Miongoni mwake ilikuwamo Toyota Noah. Ile ya kwanza, ya 1996, ilikuwa na injini chini ya viti vya mbele, na mlango mmoja wa kusukuma upande wa kushoto, ambao kwetu ndio wa ukingo wa barabara. Ile ya 2001 ikahamisha injini mbele, magurudumu ya mbele yakavuta, sakafu ikashuka na mlango wa pili ukaongezwa. Hapa pia sheria ilikuwa na mkono wake, lakini safari hii kwa heri: sheria ya Japani huyaweka katika daraja la magari madogo yale yasiyozidi mita 4.70 kwa urefu na 1.70 kwa upana, kwa hiyo Noah ikabaki nyembamba, ikapata wasaa kwa kimo, na wembamba huo ukaisaidia katika vichochoro vya miji yetu ya pwani, ambavyo havikuchimbwa kwa ajili ya gari lolote.

Wenye uwezo zaidi wakaelekea Land Cruiser na Prado, na katika njia ya makorongo na mito isiyo na daraja uchaguzi huo ni wa haki, sina neno nao. Lakini zaidi ya nusu ya wanunuzi niwaonao hukaa mjini, na gari lao halifiki penye udongo ila siku ya msiba au sikukuu kijijini. Wao humpandisha bibi kwa kumnyanyua, na safu ya tatu, ambayo katika Land Cruiser nyingi hukunjwa na kutundikwa ubavuni, ikiteremshwa na kukaliwa haibakizi nyuma mahali pa magunia mawili. Wafanyabiashara wa abiria baina ya Arusha na Moshi, ambao riziki yao ya kila siku hutegemea wepesi wa kuingia na kutoka, walichagua Noah kwa miaka mingi, na hakuna tangazo lililowashawishi. Anayekwenda yadi leo kuwatafutia watu wake gari, na aende nao wote, mzee wao akae safu ya mwisho, viti vyote vikiwa vimesimama, milango ifungwe, kisha buti lifunguliwe litazamwe lililobaki.