Gemu la Mpira na Jina Lake Jipya la Kila Mwaka

Nzega ni mji wa njia panda: ashukaye kutoka Mwanza na Shinyanga, atokaye Tabora, na ajaye kutoka Singida kwa njia ya Igunga, wote hukutana hapo, na kwa kuwa mabasi na malori hayaishi kupita usiku na mchana, bidhaa ya ng'ambo haikawii kuufikia. Ni barabara hizo zilizoleta gemu la mpira. Katika muongo wa kwanza wa karne hii vibanda vya gemu vilienea katika miji ya bara kama vilivyokwisha kuenea Dar es Salaam: chumba kimoja chenye pazia mlangoni, runinga mbili tatu, mashine za PlayStation 2, pedi ambazo vitufe vyake vimelainika kwa vidole gumba, na benchi la wanaongoja zamu, maana afungwaye humpisha mwenziwe na mshindi husalia kitini. Tangu wakati huo hirimu nzima ya vijana imekua, imeoa na imezaa, na gemu lingali likitoka kila mwaka, aghalabu likibadili tarakimu tu katika jina lake. Wengi duniani huuliza kama mifululizo ya michezo iliyodumu miaka mingi ingali na ubunifu. Nami naona swali hilo litajibiwa kwa insafu tukilifuata gemu hili moja tangu kuzaliwa kwake.

Lilizaliwa mwishoni mwa mwaka 1993, nchini Kanada, katika kampuni ya Electronic Arts, likaitwa FIFA International Soccer. Michezo mingi ya mpira iliyotangulia iliuonyesha uwanja kutoka juu au kutoka ubavuni. Hili liliuonyesha kwa mshazari, na makelele ya mashabiki yakasikika, hata mchezaji akajiona yu jukwaani. FIFA 96 ikaleta majina ya kweli ya wanasoka, na FIFA 98, iliyotoka mwaka 1997 kwa kutazamia Kombe la Dunia la Ufaransa, ikatia timu za taifa 172, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Nalitaja toleo hilo kwa mapenzi, kwa kuwa mtoto wa taifa lisilowahi kufuzu kombe hilo aliweza, kwa pedi yake, kulifikisha taifa lake Ufaransa. Matoleo yaliyofuata yaliipunguza sana hesabu hiyo ya mataifa, na tangu hapo ilikuwa dhahiri kwamba tarakimu yaweza kupanda ilhali mchezo umepungua.

Mpinzani wake alitoka Japani. Konami ilianza mfululizo wa Winning Eleven mwaka 1995, nao Ulaya ukaja kujulikana kwa jina la Pro Evolution Soccer, na katika vibanda vingi vya kwetu ndio uliopendwa zaidi. Ulikuwa fukara wa vibali: Liverpool iliitwa Merseyside Red, Chelsea iliitwa London FC, na katika matoleo ya zamani Roberto Carlos alikuwa Roberto Larcos. Lakini mpira wenyewe ulikuwa na uzito, pasi ilitaka kufikiriwa kabla ya kupigwa, na beki aliyekurupuka aliadhibiwa papo hapo. Fauka ya hayo, Konami iliacha ndani ya gemu mlango wa kusahihisha majina, jezi na nembo, na kwa mlango huo mafundi wasiojulikana, wengine ng'ambo na wengine katika miji yetu, wakatengeneza diski zilizosahihishwa, zikanakiliwa tena na tena hadi zikafika hata mahali ambapo diski halisi haikupata kuonekana. Watu wa Electronic Arts, walipoona heshima inawaponyoka, waliujenga upya mchezo wao, na katika FIFA 10, mwaka 2009, mchezaji akaweza kukokota mpira kuelekea upande wowote, badala ya pande nane alizofungiwa zamani. Sina shaka kwamba ushindani ule ndio uliozaa uhai huo.

Mwaka huo huo wa 2009 likaingia jambo jingine, ambalo athari yake ilikuwa kubwa kuliko ukokotaji wote. Ultimate Team ilimpa mchezaji nafasi ya kukusanya wanasoka kwa kufungua pakiti, na pakiti hizo zaweza kununuliwa kwa fedha bila mnunuzi kujua atakachopata. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wa Ubelgiji walihukumu kwamba biashara ya pakiti za namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ikaacha kuuza katika nchi hiyo sarafu za gemu zinazonunua pakiti hizo. Akili zilizokuwa zikibuni namna ya kupiga krosi zilikwisha kuhamia katika kubuni namna ya kumfanya kijana afungue pakiti moja zaidi. Wakati huo huo matoleo ya mashine za zamani yaliachwa yafe kwa njaa: PS2 ilipata toleo lake la mwisho, FIFA 14, mwaka 2013, miaka 13 baada ya mashine hiyo kuzaliwa, na baadaye kwa mashine nyingine yakatoka matoleo yaliyoitwa Legacy Edition, ambayo kampuni yenyewe ilitangaza kwamba hayana jipya ila jezi na vikosi. Sinyimi sifa panapostahili: FIFA 16 iliingiza timu 12 za taifa za wanawake, na Mbwana Samatta alipokwenda Genk mwaka 2016, kisha Aston Villa mwaka 2020, Mtanzania aliweza kumchagua Mtanzania mwenziwe. Lakini hayo ni machache kwa bidhaa inayodai bei kamili kila mwaka.

Nchi hii ya Unyamwezi, ambamo Nzega imo, iliwahi kuijua biashara ya namna hii, ila mnunuzi alikuwa na nguvu zaidi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 ilibeba vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga za aina nyingi mno, na tajiri wa pwani aliyefika na shanga za rangi iliyokwisha kuchujuka katika macho ya wenyeji alibaki na mizigo isiyonunua hata chakula cha wapagazi. Kioo kilikuwa kile kile, rangi ndiyo iliyobadilika. Walakini mwenyeji aliweza kukataa, akamngoja mfanyabiashara mwingine. Mpenzi wa gemu la mpira hakuwa na wa kumngoja, kwa sababu mwaka 2021 Konami ililiacha jina lake la zamani, ikatoa eFootball bila malipo, mbovu kiasi cha kuwalazimu wenyewe kuomba radhi, na uwanja wa mashine za runinga ukabaki kwa kampuni moja.

Wapo watakaosema kwamba mchezo mzuri hauhitaji kubadilika, na watalitaja bao, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo wazee hulicheza chini ya mwembe kwa kanuni walizozikuta. Hoja hiyo ina nguvu. Mwenye kufahamu hatua za namua na mtaji, na lini nyumba iachwe na lini ivunjwe, ajua kwamba ndani ya kanuni zisizobadilika pana bahari ya ubunifu. Lakini aliyechonga bao hakurudi mwaka wa pili kumuuzia mzee bao lile lile.

Wala si kweli kwamba umri huua ubunifu. Resident Evil, iliyoanza mwaka 1996, ilivunjwa na kujengwa upya katika toleo lake la nne la 2005. The Legend of Zelda, ya tangu 1986, ilitupa kawaida zake nyingi mwaka 2017 ikampa mchezaji nchi nzima atembee apendavyo. Mifululizo hiyo haikufungwa na kalenda ya ligi, na watengenezaji walipewa miaka ya kufikiri.

Tukirudi kwenye gemu letu la mpira, Electronic Arts na FIFA, shirikisho la mpira duniani lenye jina hilo, waliachana. FIFA 23 ikawa ya mwisho kwa jina hilo, na Septemba 2023 likaja jina jipya, EA Sports FC 24, na mpira ule ule. Vijana wengi wamekwisha kuhama kibanda na kuingia simuni, katika Dream League Soccer, gemu linalomruhusu mchezaji kuingiza jezi atakazo. Humo wameingiza jezi za Simba na za Yanga, wakachonga nembo, wakapeana wao kwa wao, na sasa dabi ya Kariakoo huchezwa garini kati ya Nzega na Tabora.