Ufahamu wa Kiingereza katika mtihani wa Gaokao

Ufahamu wa Kiingereza katika mtihani wa Gaokao ni sehemu ya karatasi ya Kiingereza ambamo watahiniwa wa China husoma vifungu vya habari na kujibu maswali juu yake. Gaokao ni mtihani wa taifa wa kujiunga na vyuo vikuu nchini China. Hufanyika kila mwaka mwezi Juni, na kwa wanafunzi wengi alama zake ndizo zinazoamua chuo watakachosoma.

Muundo

Lugha ya kigeni ni mojawapo ya masomo matatu ya lazima, pamoja na Kichina na hisabati. Kila somo lina alama 150. Mtahiniwa anaweza kuchagua Kirusi au Kijapani, lakini walio wengi hufanya Kiingereza.

Katika karatasi mpya ya kitaifa ufahamu una alama 50, yaani theluthi moja ya somo. Sehemu ya kwanza ina vifungu vinne, A hadi D, na maswali 15 ya kuchagua. Sehemu ya pili ina kifungu chenye mapengo 5, yanayojazwa kwa sentensi zilizochaguliwa kati ya 7. Kila jibu sahihi lina alama 2.5.

Aina za maswali

Maswali huwa ya aina kuu nne:
- maelezo yaliyotajwa wazi katika kifungu;
- maana ya neno kulingana na muktadha;
- mambo ambayo msomaji anapaswa kuyang'amua mwenyewe;
- wazo kuu au kichwa cha habari kinachofaa.

Majibu ya kupotosha

Jibu sahihi mara nyingi hurudia wazo la kifungu kwa maneno mengine, ilhali majibu yasiyo sahihi yanaweza kutumia maneno yaleyale ya kifungu. Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta maneno yanayofanana tu hunaswa kwa urahisi.

Walimu wa China huyapa majibu hayo majina ya misemo ya Kichina. *Wuzhong shengyou* ni kuzua jambo ambalo halimo katika kifungu. *Yipian gaiquan* ni kuchukua sehemu na kuifanya yote, kwa mfano "baadhi" kugeuzwa kuwa "wote". *Touliang huanzhu*, yaani kuiba boriti na kubadilisha nguzo, ni kubadilisha mtendaji, wakati au sababu kwa siri.

Ugumu kwa wasemaji wa Kichina

Katika Kichina, maelezo yote ya nomino hutangulia nomino yenyewe. Kiingereza, kama Kiswahili, huweka vishazi vya namna ya "kitabu ambacho mwalimu alikinunua" baada ya nomino. Sentensi ndefu yenye vishazi kadhaa inaweza kumfanya msomaji apoteze kiima chake. Tena vitenzi vya Kichina havibadiliki umbo kufuata wakati, hivyo ni rahisi kutotambua tofauti kati ya jambo lililotokea na lile lililotarajiwa tu.

Kwa sababu hiyo wanafunzi hufundishwa kutafuta kwanza kiima na kitenzi kikuu, kisha kuonyesha sentensi inayothibitisha kila jibu.

Ukosoaji

Mazoezi ya mbinu hukosolewa kwa kuwa yanaweza kuchukua nafasi ya usomaji wenyewe. Mwanafunzi huzoea kuondoa majibu mabaya, lakini akafika chuoni bila kuwahi kumaliza kitabu kimoja cha Kiingereza.