Kijalizo cha mbili na mpangilio wa baiti

Kumbukumbu ya kompyuta haina alama ya kutoa. Ina biti tu, na kila biti ni 0 au 1. Biti nane hufanya baiti moja, nayo baiti yaweza kushika hali 256 tofauti. Hali fulani inasimamia namba ipi, hilo haliandikwi ndani ya baiti. Huamuliwa na kanuni anayoifuata anayeandika na anayesoma. Kijalizo cha mbili na mpangilio wa baiti ni majina ya kanuni mbili za aina hiyo. Kwa hiyo istilahi zake za Kiswahili hazina budi kumwonyesha msomaji kanuni yenyewe.

Tuanze na namba hasi. Njia inayomjia mtu upesi ni kuitenga biti ya kwanza iwe alama: 0 kwa chanya, 1 kwa hasi. Baadhi ya mashine za zamani, kama IBM 7090, zilifanya hivyo. Lakini njia hiyo huzaa sifuri mbili, moja chanya na nyingine hasi, na kabla ya kujumlisha lazima alama zichunguzwe kwanza. Mwaka 1945, katika rasimu yake kuhusu kompyuta ya EDVAC, mwanahisabati John von Neumann alieleza njia bora zaidi, ndiyo kijalizo cha mbili. IBM iliitumia katika mashine zake za System/360 zilizotangazwa mwaka 1964, na leo imeenea karibu katika kila kichakataji. Kiwango cha lugha ya C++ cha mwaka 2020 kiliifanya kuwa njia pekee inayokubalika kwa namba kamili zenye alama.

Chukua 5, ambayo kwa biti nane ni 00000101. Geuza kila biti upate 11111010, kisha ongeza 1 upate 11111011. Hiyo ndiyo -5. Baiti hiyohiyo ikisomwa kama namba isiyo na alama ni 251. Sasa jumlisha 5 na 251: jibu ni 256, linalohitaji biti ya tisa. Biti hiyo haina nafasi, inaachwa, na kinachobaki ni sifuri, kama inavyopasa 5 ikijumlishwa na -5. Kichakataji kinatoa kwa kujumlisha, kwa sakiti ileile, na baiti moja inabeba namba kuanzia -128 hadi 127.

Hapa neno kijalizo linafaa kabisa. Kujaliza ni kutimiza kilichopungua, na 251 ndiyo inayoitimiza 5 hadi ifike 256. Maneno "cha mbili" yanatokana na kikomo hicho, ambacho daima ni kipeo cha mbili: 256 kwa biti nane, 65,536 kwa biti kumi na sita.

Namba isiyotosha katika baiti moja huleta swali la pili. Namba 1980 huhitaji baiti mbili: 7 na 188, kwa kuwa 7 mara 256 ukiongeza 188 ni 1980. Ipi ikae kwenye anwani ya kwanza? Sisi wenyewe tuna desturi zote mbili: tunasema "mia mbili thelathini na nne" tukianza na kubwa, ila tarehe tunaiandika siku, mwezi, mwaka, tukianza na ndogo. System/360 ilitanguliza kubwa. Intel ilitanguliza ndogo katika kichakataji chake cha 8008 cha mwaka 1972, ikifuata muundo wa kompyuta ya Datapoint 2200, iliyojumlisha biti mojamoja na hivyo kuhitaji kuanza upande wa chini.

Majina ya Kiingereza, big-endian na little-endian, yaliletwa na mwanasayansi wa kompyuta Danny Cohen tarehe 1 Aprili 1980. Aliyatoa katika hadithi ya Gulliver ya Jonathan Swift, ambamo watu wanapigana kuhusu ncha ya yai inayofaa kupasuliwa. Kuyafasiri kwa neno "mwisho" kungepotosha, maana jambo lenyewe ni nini kinaanza. "Baiti ndogo kwanza" nayo haitoshi, kwa kuwa baiti zote zina ukubwa mmoja. Kinachotofautiana ni thamani ya nafasi. Napendekeza thamani kubwa kwanza na thamani ndogo kwanza. Ni ndefu kidogo, lakini mwanafunzi akizisikia anajua la kufanya.

Cohen alisisitiza kwamba kukubaliana ni muhimu kuliko mpangilio wenyewe. Itifaki za msingi za intaneti zimechagua thamani kubwa kwanza, ilhali vichakataji vingi vya leo hufuata thamani ndogo kwanza. Programu hugeuza baiti kabla ya kutuma na baada ya kupokea. Ikisahau, 7 na 188 husomwa 188 na 7, na 1980 inakuwa 48,135. Msomaji akichukulia kwamba namba ina alama, inakuwa -17,401. Hakuna biti hata moja iliyoharibika.

Kwa sababu hiyo, anayebuni muundo wa faili au ujumbe aandike mambo matatu kwa kila namba: ina baiti ngapi, ina alama au haina, na thamani ipi inatangulia. Walimu wetu wayafundishe matatu hayo pamoja, kwa Kiswahili kinachojieleza, tangu somo la kwanza la kumbukumbu.