Thome na Mwethya: Mazungumzo ya Majirani Ukambani

Kila mwaka kurasa hizi hujaa hesabu za ada, za mazishi na za karo. Nimeombwa nitie na ukurasa mmoja wa historia, nami nimechagua jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani mazungumzo ya majirani mashambani. Nataka kuonyesha kwamba mazungumzo hayo hayakuwa uvivu. Mfano wangu ni Ukambani.

Zamani mji wa Mkamba ulikuwa na thome, nao ni uwanja ulio nje ya lango, ambapo moto uliwashwa jioni na wanaume wakaketi kuuzunguka. Mpita njia alisalimiwa, akaulizwa atokako, naye hakuachwa aende kabla ya kutoa habari: mvua imenyesha wapi, malisho yako wapi, nani mgonjwa, ng'ombe wa nani amepotea. Wavulana waliketi kando wakasikiliza, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule yao. Wanawake nao walizungumza mtoni na njiani, huku vidole vyao vikisuka kiondo.

Miji kadhaa iliyo jirani iliitwa utui. Humo ndimo ulimozaliwa mwethya. Mwenye haja ya kujenga nyumba au kulima shamba aliwaita majirani, nao wakaja, akawapa chakula na pombe. Hapana aliyelipwa fedha. Deni lililipwa kwa kwenda siku nyingine kumsaidia mwenzako.

Nguvu ya mambo haya ilionekana mwaka 1938. Serikali ya kikoloni iliona kwamba ardhi ya Machakos inaharibika, ikaamuru mifugo ipunguzwe, na ng'ombe wa watu wakakamatwa wakauzwa kwa mnada. Jambo hilo lilizungumzwa mji kwa mji. Mwezi wa Julai watu kwa maelfu, waume kwa wake, walikwenda Nairobi, safari ya maili 40 hivi, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini Serikali iliacha kuwauzisha watu ng'ombe wao kwa nguvu.

Hata hivyo ardhi ilikuwa inaharibika kweli, na yatupasa kukiri hilo. Kazi ya kuchimba matuta ya kuzuia udongo ilipokuja kwa amri, watu waliichukia. Bali katika miaka ya 1950 ilipoingia katika vikundi vya mwethya, ambavyo watu walichagua wenyewe wenzao na viongozi wao, na wengi wao wakiwa wanawake, kazi ilisonga mbele. Wakulima walipenda namna iitwayo fanya juu: mtaro huchimbwa kukingama kilima, na udongo hutupwa upande wa juu, hata baada ya miaka shamba likawa kama ngazi. Mwaka 1930 wilaya ya Machakos ya wakati ule ilikuwa na watu wapatao 240,000; mwaka 1989 walikaribia 1,400,000, na juu ya hayo mmomonyoko ulikuwa umepungua. Jembe lilikuwa lile lile na kilima kile kile. Kilichobadilika ni kwamba neno lilitoka kwa jirani, wala si kwa askari.

Sasa nirudi kwetu. Mimi mwenyewe nilikaa mjini katika nyumba moja na mtu, ukuta mmoja ukitutenga, nisijue jina lake mpaka alipougua tukaitwa kumchangia. Nilitoa shilingi zangu, nikaona haya. Fedha nilikuwa nazo; salamu ndiyo niliyomnyima muda wote ule.

Chama chetu kilianzishwa ili kuchukua mahali pa utui kwa watu walio mbali na kwao. Basi kisiwe sanduku la fedha tu. Tumezoea kusoma hesabu upesi na kufunga mkutano, kila mtu akakimbilia gari lake. Naomba kwa heshima kwamba kabla ya kufunga, wazee wapewe nafasi ya kuzungumza, vijana waketi karibu wasikilize, na kila mmoja aulizwe habari za nyumbani kwake. Penye wazee hapaharibiki neno, lakini sharti kwanza tuketi nao.