Sarafu za Kilwa na Chungu cha Caesar

Wengi wetu tulioleta watoto huku Sydney tumejikuta tukisoma upya darasa la tano kwa sababu yao. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya Maarifa ya Jamii. Kila mtoto achague jimbo moja la Australia, afanye utafiti, kisha aandike kwenye karatasi ya manila: nani walikuwa wenyeji, nani walikuja baadaye, na walitoka wapi. Binti yangu akachagua New South Wales, kwa kuwa ndipo tunapoishi.

Mwanzo ulikuwa rahisi. Aliandika Wagadigal, wenye nchi hii ya bandarini, ambao ghuba ya Sydney waliiita Warrane. Akaandika meli 11 za Gavana Arthur Phillip na siku ya 26 Januari 1788. Akaandika Waayalandi, na Wachina waliofuata dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1851. Halafu akaweka kalamu chini. "Baba, sisi tuko wapi?"

Nilikuwa na jibu, tena nililisubiri swali hilo miaka mingi. Mimi nimezaliwa Kilwa Masoko, na ukisimama pale pwani Kisiwani unakiona kwa macho. Basi nikamwambia habari za sarafu. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa jeshi la anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi hii. Akaokota sarafu tisa mchangani. Alizitunza nyumbani mpaka 1979, alipozipeleka kwa wataalamu. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za shaba, zimepigwa Kilwa enzi za masultani! Leo zimehifadhiwa na makumbusho ya Powerhouse, hapa hapa Sydney.

Kwenye harusi na mazishi yetu hadithi hii imekwisha kunenepa. Siku hizi utaambiwa Waswahili waliivumbua Australia kabla ya Cook. Mimi mwenyewe nimewahi kuisema hivyo, na chai ilinoga.

Binti akafungua ramani. "Visiwa hivi viko Northern Territory. Si jimbo letu. Tena hata si jimbo."

Nikajitetea kwa historia. Mpaka mwaka 1863 eneo lile la kaskazini lilihesabiwa sehemu ya New South Wales. Koloni hii ilipoanza ilidai karibu nusu ya bara zima, kisha ikakatwa vipande: Tasmania 1825, South Australia 1836, Victoria 1851, Queensland 1859. Ikawa jimbo tarehe 1 Januari 1901 tu, makoloni sita yalipoungana. Wenzao wa kaskazini waliulizwa mwaka 1998 kama wanataka kuwa jimbo, wakakataa kwa kura chache. Yote hayo ni kweli, lakini hayakunisaidia. Sarafu hazisemi nani aliyezidondosha. Zile za Waholanzi ni za karne ya 17 na 18, na kama zote zilifika pamoja, basi za Kilwa haziwezi kuwa zimetangulia hizo. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 na Melaka mwaka 1511. Shaba yetu ingeweza kwenda mashariki mfukoni mwa baharia yeyote. Wavuvi wa Makassar nao walikuwa wakifika pwani ile kutafuta majongoo ya bahari.

Tukatafuta tena, safari hii ndani ya jimbo lenyewe. Tukamkuta John Caesar.

Caesar alikuwa Mwafrika, mtumishi huko Deptford, Uingereza. Alihukumiwa Maidstone kwa wizi wa fedha, akapewa miaka saba, akapakiwa katika meli ya Alexander. Alikuwa mmoja wa watu weusi kadhaa waliofika na meli zile za 1788. Wanahistoria wengine husema alitoka West Indies, wengine Madagascar, yaani Bukini ya wazee wetu wa pwani. David Collins, hakimu wa koloni, aliandika kwamba hapakuwa na mfungwa mchapakazi kama yeye, ila posho ya siku mbili aliimaliza kwa siku moja. Njaa ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1789 alitorokea msituni na chungu cha chuma na gobori la askari. Alikamatwa, akafungwa minyororo, akatoroka tena kwa mtumbwi. Wenyeji wakamchoma mikuki, akarudi na majeraha. Akapelekwa kisiwa cha Norfolk, akazaa mtoto wa kike huko, akarudishwa Sydney mwaka 1793 bila familia yake. Alipotoroka mara ya mwisho, Gavana Hunter alitangaza zawadi ya galoni tano za pombe kali kwa atakayemleta. Tarehe 15 Februari 1796 alipigwa risasi Liberty Plains, sehemu za Strathfield ya leo, tunakobadilishia treni kila wiki.

Hata hivyo nilisita. Nilimwambia binti, "Mwanangu, wenzako wataleta magavana na wachimba dhahabu. Wewe uende na mwizi?"

"Baba, si karibu wote walioletwa walikuwa wezi? Kwa nini wao wawe waanzilishi na yeye awe mwizi tu?"

Sikuwa na la kujibu. Katikati ya manila alichora chungu cha chuma, na chini yake akaandika jina la Caesar na mwaka 1788, mstari mmoja na Waingereza. Pembeni ilibaki nafasi ndogo. Akachora sarafu tano za duara, akaandika kwamba zimetoka kwao baba yake, na kwamba aliyezileta hajulikani.